Vijana watengeneza mashine ya muziki, na habari ya redio ya mama



Tangu mwezi wa pili kuna mlio unasikika kila Jumamosi mchana nyuma ya darasa letu: tu-ti-tu-ta, tu-ti-tu-ta, bila kuchoka, mpaka jua linashuka. Wengi mmeniuliza njiani, "Mwalimu, kile kintu kinalia kule ni nini?" Wengine hamkuuliza, mlijijibu wenyewe. Kuna aliyesema ni mtambo wa kuongea na watu wa ng'ambo ya mpaka, na siku hizi neno kama hilo si la mchezo. Kwa hiyo mhariri ameniomba niandike.

Ni mashine ya muziki. Jina lake ni sikwensa, na tumeitengeneza sisi wenyewe, vijana 14 na mimi. Nitaeleza inavyofanya kazi na tulivyofunga waya zake, ili mzazi ajue mtoto wake anashika nini. Nitaeleza pia habari ya redio ya mama mmoja wa hapa kambini, maana imeshasemwa sana kwenye foleni ya maji, na kosa lilikuwa langu zaidi kuliko la mtoto.

Wazo lilitoka wapi

Vijana walikuwa wanaomba kinanda. Kinanda hatuna, na hata tungekuwa nacho, kinanda kimoja kwa vijana 14 ni ugomvi tu. Siku moja nilishuka Gisenyi, na kwenye simu ya rafiki nikaona video ya kijana wa Kampala, Brian Bamanya, anayejiita Afrorack. Mbele yake kuna ubao umejaa waya za rangi zote, zinaning'inia kama matumbo ya mbuzi, na humo ndani inatoka ngoma ya kuchezesha watu.

Mashine zake zinaitwa sintesaiza za moduli. Tofauti na kinanda ambacho kila kitu kiko ndani ya boksi moja, hizi ni visanduku vingi, kila kimoja na kazi yake: kimoja kinatoa sauti, kingine kinaichuja, kingine kinahesabu mapigo. Wewe mwenyewe unaviunganisha kwa waya unavyotaka. Zilianzia Marekani miaka ya 1960, kwa watu kama Robert Moog na Don Buchla, na mpaka leo bei yake ni ya watu wenye mali. Bamanya aliona hiyo bei haiwezi. Akajifunza kwenye intaneti, akatafuta vipuri palepale Kampala, akatengeneza zake. Mwaka 2022 albamu yake ilitolewa na lebo ya hukohuko inayoitwa Hakuna Kulala, jina ambalo wazazi wenye watoto wachanga mtalielewa bila kamusi.

Nikakumbuka na Kinshasa. Mzee Mingiedi Mawangu, aliyefariki 2015, alikuwa mpigaji wa likembe. Likembe ni kitu cha sauti ndogo, na kelele za mji ule mnazijua au mmezisikia. Mzee akachukua sumaku kutoka vipuri vya magari yaliyokufa, akatengeneza maikrofoni zake, akaunganisha na vipaza sauti. Kikundi chake, Konono No 1, kilijulikana mpaka Ulaya kwa albamu ya Congotronics ya mwaka 2004. Wazungu walisema huo ni muziki mpya wa elektroniki. Yeye alikuwa anapiga ngoma ya kwao, ila kwa nguvu zaidi.

Nikajiambia: kama Kampala wameweza na Kinshasa wameweza, sisi tunashindwa nini? Mimi si fundi. Nilisoma mpaka wa sita sekondari kule Goma, na umeme niliusoma ubaoni, bila kushika waya hata moja. Lakini neno nilikuwa nimeshalitoa mbele ya vijana, na ukishatoa neno mbele ya vijana umefungwa.

Inaita majina, kama mwalimu

Sikwensa yenyewe haiimbi. Kazi yake ni kuita. Fikiria mwalimu mwenye wanafunzi nane amesimama na daftari la majina. Kila akipiga makofi mara moja, anaita jina linalofuata, na yule aliyeitwa anatoa sauti yake, mmoja tu, wengine wananyamaza. Akifika wa nane anarudi kwa wa kwanza. Makofi yakiwa ya haraka, wimbo unakimbia. Yakiwa polepole, unatembea. Hiyo ndiyo sikwensa yote.

Anayepiga makofi ni chipu ndogo ya miguu minane inayoitwa 555. Ilibuniwa mwaka 1971 na Mswisi mmoja, Hans Camenzind, akiwa Marekani, na mpaka leo bado inatengenezwa, kwa sababu ni rahisi na haifi haraka. Mzee fundi wa redio kule Gisenyi alituagizia mbili kutoka Kigali. Zote mbili bei yake haikufika kilo moja ya maharage.

Anayeita majina ni chipu nyingine, ya miguu 16, inaitwa 4017. Hii hatukununua. Mzee fundi alikuwa na bodi ya taa za kukimbizana, zile za mlango wa baa zinazowaka moja baada ya nyingine, akasema, "Fungueni hii, humo ndani yumo." Na kweli alikuwemo. Chipu inayokimbiza taa ndiyo hiyohiyo inayoweza kukimbiza noti. Haijui kama iko baa au darasani.

Umeme ni betri sita za tochi zilizofungwa mstari mmoja, volti 9 kwa jumla. Nawaambia wazazi wazi: volti 9 haiwezi kumrusha mtoto. Kinachoweza kumuumiza ni chuma cha kulehemu. Chetu ni kipande cha shaba chenye mpini wa mti, tunakipasha kwenye mkaa kama mafundi wa sokoni, na ni mkubwa mmoja tu anayekishika, yaani mimi, na alama ninayo kwenye kidole gumba. Moshi wa bati hatuuvuti, tunafanyia nje, na kila mtu ananawa mikono kabla ya kula. Na jambo moja zaidi: televisheni ya zamani, ile ya kioo kinene yenye mgongo mrefu, mtoto asiifungue kamwe. Hata ikiwa imechomolewa bado inaweka umeme mkali ndani. Mtu akiwaletea televisheni ya namna hiyo kama chuma chakavu, muache iende.

Sasa waya. Miguu ya 4017 inahesabiwa kuanzia kwenye kile kijikatwa cha upande mmoja, unashuka kushoto mpaka wa 8, unapanda kulia mpaka wa 16. Wa 16 unapata chanya, wa 8 unapata hasi, makofi ya 555 yanaingia mguu wa 14. Mpaka hapo ni raha. Tatizo ni kwamba yule aliyetengeneza chipu hii hakupanga wanafunzi kwenye dawati kwa namba. Wa kwanza kuitwa ametokea mguu wa 3, wa pili mguu wa 2, halafu wa 4, wa 7, wa 10, wa 1, wa 5, wa 6. Vijana walifunga kwa mpangilio wa macho yao, na wimbo ukawa unaruka huku na huku kama panzi. Jumamosi nzima ikapotea hapo. Sasa wameikariri, hata wadogo zao wanaiimba wakienda kuteka maji: tatu, mbili, nne, saba, kumi, moja, tano, sita.

Kila mguu unaoita unatoa umeme unaopita kwenye dayodi, halafu kwenye kizungushio, kile cha kuongeza na kupunguza sauti kwenye redio, halafu zote nane zinakutana kwenye waya mmoja. Dayodi ni mlango wa upande mmoja. Bila hiyo, umeme wa anayeitwa ungerudi nyuma kwa wenzake walionyamaza na kila mmoja angeharibu sauti ya mwingine. Mstari wa dayodi unaelekea kwenye kizungushio. Tuliweka moja kinyume na hatua hiyo ikawa bubu. Tukaona hiyo pia ina faida: ukitaka mahali pa kimya kwenye wimbo, unaondoa tu dayodi yake.

Ule waya wa pamoja unakwenda mguu wa 7 wa 555 ya pili, na huyo ndiye mwimbaji. Umeme anaopata kupitia kizungushio unamwambia atetemeke haraka au polepole. Ukifungua kizungushio, sauti inakuwa nyembamba. Ukikaza, inakuwa nene. Mbele yake kuna spika ya redio iliyokufa. Kwa Bamanya na wenzake, sikwensa inapeleka volti zake kwa kisanduku kingine cha sauti kwa waya ya kuchomeka. Sisi mwimbaji tumempigilia kwenye ubao uleule, hana pa kwenda.

Jumamosi ya tatu ndiyo ilinipa aibu. Kila kitu kimefungwa, tunawasha, kimya. Kijana mmoja akainama kuangalia, na mara ikaanza kutembea. Akaondoa kichwa, ikasimama. Akasogeza mkono, ikatembea tena. Watoto wadogo waliokuwa wanachungulia walikimbia wakipiga kelele kwamba mashine ya mwalimu ina majini. Na mimi, nisiwafiche, niliitazama kwa muda bila kusema kitu. Kumbe ni mguu wa 13. Huo ndio mguu wa kuizuia isihesabu, na sisi tulikuwa tumeuacha wazi, haujafungwa popote. Mguu uliofunguka wa chipu ya namna hii unasikia hata umeme mdogo wa mkono wa mtu unaopita karibu. Tuliufunga kwenye hasi, majini yakaondoka.

Kizungushio cha nane

Hatua nane zinataka vizungushio vinane. Redio iliyokufa inatoa kimoja. Kwa hiyo niliwaambia vijana: tafuteni redio mbovu. Nilisema hivyo tu, "redio mbovu", sikueleza mbovu ni ipi na nani mwenye haki ya kusema kwamba ni mbovu. Baada ya wiki tatu tulikuwa na saba.

Jumamosi iliyofuata kijana mmoja, ana miaka 14, akaja na cha nane mfukoni. Nilifurahi. Sikuuliza. Tulikifunga, tukapiga picha.

Jumapili jioni mama yake alikuja mlangoni kwangu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Ameshika redio yake ndogo, mgongo umefunguliwa.

"Mwalimu, ni weye ulifundisha mutoto yangu kufungua radio?"

Nikasema, "Mama, karibu, kaa kwanza."

"Sikai. Ni humu njo minasikiaka habari za kwetu kila magaribi. Sasa haisemi kitu."

Huyu mama mdogo wake wa kiume yuko ng'ambo bado, na simu yake haiingii tangu mwaka jana. Redio haiwezi kumtaja mdogo wake, yeye mwenyewe anajua. Lakini inataja mahali: barabara gani imefungwa, kijiji gani kuna utulivu, watu wa wapi wamerudi. Kwa hayo anapima. Na mtoto alikuwa anajua hivyo vizuri kabisa. Alifikiri ukitoa kile cha kuongeza sauti, redio itaendelea kusema, ila kwa sauti moja. Hakujua kwamba kwenye redio ndogo kizungushio cha sauti ndicho pia swichi ya kuwashia. Ukikitoa, umezima yote. Na alipokitoa kwa msumari wa moto, njia ya shaba iliyo kwenye ubao ilibanduka, kwa hiyo hata kukirudisha haikuwa kazi ya kuchomeka tu.

Niliichukua redio na kile kizungushio mpaka kwa mzee fundi Gisenyi. Alinitazama kama daktari anavyomtazama mzazi aliyechelewesha mtoto. Alitoa uzi mmoja mwembamba wa shaba kutoka kwenye waya, akaulehemu pale njia ilipokatika, akakirudisha kizungushio mahali pake. Kazi ya dakika 20, lakini alikuwa na foleni, na ruhusa ya kutoka kambini sikuipata siku ileile. Kwa jumla mama alikaa jioni nne bila habari. Kulipa nililipa mimi.

Kijana alitaka kuacha kuja. Nilimwambia abaki, lakini kwanza aende nami kuomba msamaha, wote wawili, na mimi nianze. Mama alitusikiliza amesimama. Alisema tu, "Siku ingine muulize." Halafu akatutengenezea chai, na mimi sikujua niiweke wapi hiyo chai, maana najua sukari inavyopatikana.

Hatua ya nane ilibaki bila kizungushio. Tuliifunga rezista ya kawaida, kwa hiyo inaimba noti moja tu, haibadiliki, hata uzungushe zingine namna gani.

Nane au sita?

Baada ya wiki mbili hivi mama huyo alipita nyuma ya darasa na ndoo ya maji. Alisimama. Vijana walikuwa wameipanga vizuri, sauti ilikuwa inapanda na kushuka, na mimi nilijua sasa atasifu.

Akasema, "Hiyo ni ya disko. Inachelewa kurudi."

Vijana wakacheka. Yeye akaweka ndoo chini, akapiga makofi wimbo wa harusi wa kwao, akanikazia macho nihesabu. Nilihesabu mara tatu kabla ya kuamini. Mapigo yake yalikuwa yanarudi baada ya sita. Yetu yanarudi baada ya nane. Ndiyo maana kila vijana walipojaribu kuimba nyimbo za nyumbani juu ya mashine, waliachana nayo katikati na kudhani ni wao wanaokosea.

Kubadilisha ni waya mmoja. Mguu wa 15 wa ile chipu ndio unaoirudisha mwanzo. Kwa hatua nane tulikuwa tumeuunganisha na mguu wa 9, yaani pale anapotaka kuitwa wa tisa, anakuta ameambiwa rudi kwa wa kwanza. Kwa hatua sita unauhamishia mguu wa 5, ambako ndiko yuko wa saba. Tulihamisha palepale, ndoo ikiwa chini. Tuliondoa dayodi ya hatua ya tatu ipate kunyamaza, akasema hapana, nyamazisha ya tano. Tukafanya hivyo. Akaanza kuimba kwa sauti ndogo, na wasichana wawili wakaingia kwenye makofi.

Mnaona jambo lenyewe. Kwa hatua sita tulihitaji vizungushio sita, na tulikuwa na saba. Tulimnyima mama redio yake jioni nne kwa ajili ya hatua ambayo leo haiitwi. Ningemuuliza mtu yeyote mwenye umri kambini namna gani nyimbo zetu zinahesabiwa, angeniambia bila kufungua kitu. Niliangalia video za mbali, sikuuliza jirani.

Sasa hivi mashine iko kwenye ubao wa kreti ya soda, ina taa sita nyekundu zinazofuatana, na vijana wanataka kuongeza kisanduku cha pili cha sauti nene ili iwe kama ngoma kubwa. Vizungushio vya redio vina tabia yao: nusu ya kwanza huoni mabadiliko, halafu mwishoni sauti inaruka ghafla, kwa hiyo kupata noti sawasawa ni kazi ya subira. Tungepata vya aina nyingine tungefurahi, lakini hatuvitafuti kwa haraka.

Wenye redio zilizokufa kweli wanaweza kuzileta Jumamosi kuanzia saa nane. Mzazi aje mwenyewe, au atume mtoto na karatasi yenye jina na namba ya nyumba. Mzee fundi amekubali kuja mara moja kwa mwezi, na kwanza ataangalia kama inaweza kupona. Ikipona, inarudi nyumbani na mwenyewe. Betri zilizoisha pia tuletee, msiwaachie watoto wadogo wachezee, tunazikusanya kwenye ndoo yenye kifuniko.

Na kuna sharti moja limeandikwa kwa chaki juu ya ubao. Mashine yetu inapopiga, redio za masafa mafupi zilizo karibu zinasikia kelele, tik-tik-tik, kwa sababu ile 555 inatoa vumbi la umeme hewani. Mama ndiye aliyetugundulia. Kwa hiyo ikifika saa ya habari, inazimwa, hata kama wimbo uko katikati. Anayeizima ni yule kijana wa miaka 14.